Msanii Aliye Hai, Simu Moja, Darasa la Watu Sitini: Mwongozo kwa Mwalimu wa Sanaa Uganda

Mwaka wangu wa pili kufundisha sanaa hapa Busia, mpakani na Kenya, niliwaomba wanafunzi wa kidato cha pili wanitajie wasanii wanaowajua. Majina yalikuja mbio: Leonardo da Vinci, Michelangelo, Picasso. Nikauliza ni yupi kati yao angali hai. Kimya. Ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yao, kijana alikuwa juu ya ngazi akichora kichwa cha mteja kwenye ukuta wa kinyozi, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na hakuna hata mmoja aliyemhesabu kuwa msanii.

Haya ninayoandika ni njia niliyoifikia tangu siku ile, mara nyingi kwa kukosea. Nimemwandikia mwalimu mwenye darasa la watu hamsini au sitini, simu moja ambayo ni yake mwenyewe, umeme wa kuja na kuondoka, na fungu la somo linaloishia kwenye manila na penseli. Kama shule yako ina projekta na maabara ya kompyuta, heri yako. Hatua ni zilezile, utazipita haraka zaidi tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: nilipata picha nzuri ya kazi ya msanii wa Kampala, nikaibandika ubaoni, nikasema, "Tazameni vizuri, kisha mchore." Nilikusanya nakala 58. Nyingine zilikuwa safi sana, ila zote zilikuwa maiti. Ndipo nikaelewa kwamba msanii haletwi darasani ili anakiliwe. Unacholeta ni swali analohangaika nalo, pamoja na namna mikono yake inavyolitafuta jibu.

Hatua ya kwanza: chagua msanii mmoja, chomoa swali lake

Mmoja, si watano. Ukitoa wiki za mitihani, michezo na siku ambazo nusu ya darasa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, muhula unakuachia wiki nane au tisa za kazi. Msanii mmoja anazijaza.

Hawa ndio ninaowarudia, na maswali ninayoyapata kwao.

Sanaa Gateja, mzaliwa wa Kisoro mwaka 1950. (Jina lake huniokolea dakika tano za utangulizi, maana mtoto wa Kiswahili akisikia mtu anaitwa Sanaa anakaa sawa.) Gateja anachukua karatasi zilizokwisha kazi, anazikata na kuzikunja kuwa shanga, kisha shanga hizo zinashonwa kwa maelfu juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa wasanii walioiwakilisha Uganda kwenye maonyesho ya Biennale ya Venice, Italia. Swali ninalolichukua kwake: karatasi iliyotupwa inapata thamani wapi, kwenye karatasi yenyewe au kwenye mikono iliyoikunja?

Acaye Kerunen. Yeye na Collin Sekajugo ndio waliokuwa kwenye banda la kwanza kabisa la Uganda huko Venice mwaka 2022, na majaji walilitaja banda hilo kwa heshima maalumu. Kerunen hufanya kazi na wanawake wasukaji, akichukua mikeka na vikapu vyao, kuvifumua na kuviunganisha upya mpaka vinapanda ukutani au kuning'inia darini. Swali: kwa nini aliyechora picha anatajwa jina, na aliyesuka mkeka hatajwi?

Ocom Adonias huchora kwa makaa juu ya magazeti: watu wa Kampala, abiria ndani ya matatu, nyuso za kawaida zenye maandishi ya habari yanayochungulia chini yake. Huyu ndiye rafiki wa shule maskini, kwa kuwa vifaa vyake vyote viko jikoni na dukani. Swali: uso wa mtu unasema habari gani ambayo gazeti halikuandika?

Wapo pia Stacey Gillian Abe, mzaliwa wa Arua, anayewapaka watu wake ngozi ya rangi ya nili na kudarizi kwa mkono juu ya turubai ya kuchorea. Na Ruganzu Bruno, aliyejenga uwanja wa michezo ya watoto Kampala kwa chupa za plastiki na mabaki mengine, kazi iliyompatia tuzo ya TED, shirika la mihadhara, mwaka 2012. Abe nampa kidato cha tatu na cha nne, kwa sababu swali lake kuhusu kumbukumbu ya nyumbani linahitaji mtoto aliyekomaa kidogo. Ruganzu anafaa hata shule ya msingi.

Kabla hujaamua, jipime kwa mambo matatu. Je, malighafi yake inapatikana kwenu bila kununua? Je, mtoto anaweza kulisema swali lake kwa sentensi moja ya Kiswahili cha sokoni? Je, kazi yake inaeleweka kwenye picha, au ni lazima uwe ndani ya chumba chenyewe ndipo uione? Likikwama lolote kati ya hayo, tafuta mwingine.

Halafu lishushe swali mpaka kijijini. Hapa Busia tuna marobota ya mitumba, maturubai ya malori na maboksi yenye mihuri ya nchi nyingi. Aliyeko Arua au Bombo ana vikapu na vifuniko vya chakula vya Wanubi vyenye rangi kali. Wa Katwe ana chumvi. Wa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, ana wanafunzi waliobeba Kiswahili chao kutoka Kongo na vitenge vyenye hadithi ndefu kuliko kitabu cha historia.

Usisahau pia kwamba hatuanzi sifuri. Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, na chuo kile hakikuwa cha Waganda peke yao: Sam Ntiro na Elimo Njau walitoka Tanganyika, na Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyetengeneza mnara wa uhuru wa mwaka 1962 ulio katikati ya Kampala. Wanafunzi wangu wengi wamepita pale wakielekea maegesho ya mabasi bila kujua kwamba mkono uliouumba ulitoka upande wa pili wa mpaka wetu.

Hatua ya pili: waonyeshe kazi kabla hujawaonyesha jina

Simu kuzungushwa darasani kwa watoto sitini haifai. Anayeipokea mwisho anaipokea kipindi kimekwisha, na kioo kimejaa alama za vidole. Pakua picha usiku ambapo bando ni rahisi, chagua mbili tu, zipeleke dukani zikachapishwe kwa rangi kwenye karatasi ya A3. Moja ionyeshe kazi nzima, nyingine ionyeshe kipande kwa karibu sana, mahali ambapo uzi, shanga au alama ya makaa inaonekana. Hiyo ya pili ndiyo inayofundisha.

Wape dakika tatu za kutazama bila kusema. Dakika tatu ni ndefu. Watacheka kwanza, kisha watatulia. Baada ya hapo uliza unachoona ni nini, na usikubali neno "nzuri" wala "mbaya". Mtoto akisema "naona mistari", mwombe aje aiguse. Akisema "imetengenezwa kwa shanga", muulize amejuaje. Mimi huandika majibu yote ubaoni, Kiswahili, Luganda, Kisamia, lolote lile, na jina la msanii linakuja dakika ya ishirini. Ukianza na jina na Venice, darasa zima litaanza kusifu badala ya kutazama.

Hatua ya tatu: mikono kwanza

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo nitaeleza mfano mmoja kwa urefu: shanga za karatasi kwa vipindi vinne viwilivili, yaani dakika 80 kila kimoja.

Wiki moja kabla, waambie walete karatasi zilizochapishwa: kalenda za zamani, vipeperushi vya kampeni, majarida, maboksi membamba ya dawa ya meno. Magazeti ya kawaida ni laini mno na shanga zake huwa za kijivu. Kazi ya kwanza darasani ni kupanga, wala si kukata. Weka marundo kwa rangi: nyekundu, buluu, kijani, kahawia, nyeupe yenye maandishi. Watoto hugundua wenyewe kwamba vipeperushi vya siasa vinatawala marundo ya njano na nyekundu, na mjadala unaozuka hapo usiuzime haraka. Huko ndiko kusoma malighafi.

Kisha kukata. Pima alama kila sentimita 2 kwenye ukingo mmoja mfupi wa karatasi ya A4, na ukingo mfupi wa pili anza sentimita 1 ndani. Unganisha alama kwa mistari ya kwenda na kurudi ili upate pembetatu ndefu. Karatasi moja inatoa karibu pembetatu 20. Anza kukunja kwenye kitako kipana, ukizungushia spoki ya baiskeli iliyopakwa mafuta kidogo au njiti ya mshikaki, na ncha iishie katikati ya tumbo la shanga. Gundi ipakwe kwenye theluthi ya mwisho tu, la sivyo shanga itang'ang'ania spoki.

Gundi ya bei nafuu ni ya unga wa muhogo: vijiko viwili kwenye kikombe cha maji baridi, koroga, weka motoni mpaka igeuke kuwa kama kioo. Inashika vizuri. Ila ukiacha shanga kabatini bila kuzipaka vanishi, mende watazila. Nilipoteza shanga zote za kidato cha kwanza kwa likizo moja. Vanishi aipake mwalimu mwenyewe, nje, upepo unapovuma kuelekea mbali na madarasa.

Sasa hesabu, na mshirikishe mwalimu wa hisabati kama anapenda. Shanga ya urefu wa sentimita 2 na unene wa milimita 6 inafunika sentimita za mraba 1.2. Watoto 60 wakitengeneza shanga 10 kila mmoja, ni shanga 600, yaani sentimita za mraba 720. Hicho ni kipande cha sentimita 24 kwa 30: kidogo kuliko meza ya mwanafunzi mmoja! Nilipoandika jibu hilo ubaoni darasa lilipiga mluzi. Mpaka hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini Gateja hawezi kufanya kazi peke yake, wala kwa nini kazi ya mikono mingi ina bei yake.

Kipindi cha tatu na cha nne ni cha kushona. Ukipata lubugo, hata kipande kidogo, tumia. Waeleze kwamba gome huvuliwa mutuba bila kuukata mti, shina likafungwa majani ya mgomba mpaka lipone na kuota gome jipya, na kwamba ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Ukikosa, gunia la kahawa linatosha. Swali la kushona liwe lao: kila kundi liamue shanga zake zitachora njia gani ambayo wanaipita kila siku. Mmoja wangu alishona mstari mwembamba mwekundu unaokata gunia katikati, akasema ni mpaka, shangazi yake anakaa upande ule. Hakunakili chochote.

Hatua ya nne: mlete msanii mwenyewe

Anzia karibu. Mchora mabango, mchomelea vyuma, mama msukaji wa mikeka: hao wako umbali wa boda boda moja. Najua wapo walimu watakaouliza kama mchora mabango ni msanii wa kisasa. Anaishi leo, anatatua tatizo la leo kwa rangi ya leo, na wateja wake wanamlipa leo. Kwangu inatosha.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna chuo cha sanaa cha Makerere kinachobeba jina la Trowell, kuna Kyambogo, kuna kituo cha 32° East kilichopo Kabalagala, kuna Afriart Gallery na Nommo Gallery za Kampala. Kwa walio upande wa Masaka kuna kijiji cha sanaa cha Ndegeya alichokianzisha Sekajugo. Wasanii chipukizi na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo wanaitika kuliko wenye majina makubwa, na mara nyingi wanazungumza na vijana vizuri zaidi.

Zungumza kwanza na mwalimu mkuu, kisha andika ujumbe mfupi ulionyooka. Wangu huwa hivi: "Habari za leo. Mimi ni mwalimu wa sanaa Busia. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wamekuwa wakitazama kazi zako za makaa kwa wiki tatu na wana maswali. Tunaomba uje kwa dakika 80, tarehe mbili hizi, uchague inayokufaa. Nauli na chakula tutalipa, na shukrani ya kiasi hiki. Tafadhali usiandae hotuba. Tunaomba ulete kazi moja ambayo haijaisha na moja iliyokushinda."

Kiasi kitaje, hata kikiwa kidogo. Kumwomba fundi afanye kazi bure "kwa ajili ya watoto" ni tabia mbaya ambayo shule zetu zimeizoea. Fundi bomba akija kukarabati choo hatumwambii hivyo. Kama shule haina fedha, sema mapema, naye akubali au akatae akijua.

Kazi iliyoshindikana ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Msanii mmoja alitukunjulia mchoro alioufuta mara sita mpaka karatasi ikatoboka, na kijana aliyekuwa hajawahi kumaliza kazi yoyote kwa kuogopa kukosea alisogea mbele kuliko wote. Siku ya ziara, msanii azungumze dakika kumi, afanye kazi mbele yao ishirini, wao wafanye naye arobaini, maswali yamalizie. Mwalimu asitoke darasani hata kwenda kupokea simu. Ni utaratibu wa ulinzi wa watoto, na unamlinda mgeni pia.

Akiwa mzee, kama Jajja msukaji tunayemkaribisha kila mwaka, mpe kiti chenye mgongo, watoto wamsalimu inavyopasa, na usimkatize kwa saa yako. Dakika 80 zake zitakuwa 110. Panga na mwalimu wa kipindi kinachofuata.

Na asipoweza kuja? Nilijaribu simu ya video mara moja. Sura ya msanii iliganda mdomo ukiwa wazi, ikakaa hivyo dakika kumi na moja huku darasa likifa kwa kicheko. Sasa tunatumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Watoto wanachagua maswali matano, kila moja linarekodiwa na aliyeliuliza, tunatuma Jumatatu. Msanii anajibu kwa wakati wake, dakika mbili mbili, na picha za karakana yake. Ijumaa tunasikiliza kwa spika ndogo. Sauti inasikika tena na tena, mtandao ukiwepo au usiwepo.

Hatua ya tano: teknolojia, kuanzia kwenye tundu

Wengi huanza na programu. Mimi huanza na giza. Ziba madirisha ya darasa moja kwa maturubai na mablanketi, acha tundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maji kwenye kipande cha boksi kinachotazama nje, jua la saa sita likiwaka. Bandika juu ya tundu kioo cha miwani ya kusomea yenye nguvu ya +1.00, na mtoto asimame na manila nyeupe takriban mita moja kutoka hapo. (Kwa miwani ya +2.00 ni nusu mita.) Subirini macho yazoee. Barabara nzima itaingia darasani kichwa chini miguu juu: boda boda zinapita, miti inayumba, rangi zote zipo. Wanafunzi wameshika simu za wazazi tangu utotoni bila kujua kilichomo ndani. Baada ya hapo wanajua.

Kinachofuata ni picha za kukimbia. Kata daftari lililokwisha kuwa vijitabu vidogo, mtoto achore mpira unaodunda kwenye kona za kurasa 24, apeperushe kwa kidole gumba. Hiyo ni animesheni, na haina betri.

Ndipo simu inapoingia. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo itakuwa yako. Futa au hamisha picha zako za familia, zima arifa, weka hali ya ndegeni. Kama huna simu ya pili, usimkabidhi mtoto simu yenye ujumbe wa benki. Pakua mapema Stop Motion Studio, ambayo ina toleo la bure. Geuza stuli miguu juu, laza rula mbili kati ya miguu, simu ikae juu yake ikitazama chini: hicho ndicho kishikizi chetu, na hakitikisiki. Kaa karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, kwani vivuli vinavyosogea huharibu filamu. Bonyeza na kushikilia kioo ili mwanga na umbali vifungwe visibadilike kila picha.

Picha nane kwa sekunde zinatosha. Filamu ya sekunde kumi ni picha 80. Kundi lililofanya mazoezi linapiga moja kila sekunde 15, hivyo dakika 20 zinatosha. Darasa la 60 ni makundi manane ya watu saba au wanane: wasogezaji wawili, mpiga picha, mwangalizi wa mikono iliyosahaulika kwenye picha, mhesabuji, na wengine wa sauti. Makundi matatu yanapiga kwa kipindi kimoja huku yaliyobaki yakikata wahusika, kwa hiyo wiki tatu zinamaliza. Kila kundi likimaliza, nakili faili kwenye flashi papo hapo. Mara yangu ya kwanza nilingoja mpaka mwisho wa wiki, simu ikadondoka kwenye ndoo ya maji ya rangi siku ya Alhamisi, na makundi mawili yakarudia kila kitu. Walirudia vizuri zaidi, lakini sikuthubutu kuwaambia hivyo siku ile.

Shanga zilizokunjwa hatua ya tatu ni wahusika wazuri sana wa filamu. Zinabingirika, zinajipanga, zinavuka mpaka.

Kama kuna kompyuta, Krita na GIMP ni za bure na hazihitaji intaneti zikishawekwa. Inkscape inafaa kwa herufi na mabango. Mwombe mwalimu wa kompyuta aziweke zote siku moja kwa flashi. Usifundishe programu nzima. Fundisha tabaka, brashi na kifutio, kisha waache.

Kuhusu akili mnemba, siikatazi wala siitangulizi. Niliwahi kuiomba picha ya "maisha ya Afrika", ikanipa mti wa mgunga, machweo na mama mwenye mtungi kichwani. Nikaichapisha, nikaiweka kando ya abiria wa Ocom, nikauliza: nani kati ya hawa wawili amewahi kupanda matatu? Tulizungumza kipindi kizima.

Hatua ya sita: alama, ruhusa na haki

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, uliotahiniwa kwa mara ya kwanza kwenye UCE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2024, unahesabu kazi zinazofanyika shuleni kwa asilimia 20. Usingoje kazi iliyokamilika ndipo uweke alama. Kila mwanafunzi awe na daftari la michoro lenye tarehe, picha za hatua za kati, na jibu la swali moja: njiani uliacha nini, na kwa nini? Hilo ni gumu kunakili. Kwa wenzetu wa msingi, sanaa haimo kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ni msiba kwa hadhi ya somo, lakini ni uhuru kwa mwalimu mwenye mawazo.

Kazi za wasanii zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Kuzitazama darasani ni jambo moja, kuzichapisha kwenye fulana za kuchangisha fedha za shule ni jambo jingine kabisa. Na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Kwa hiyo piga picha mikono na kazi, acha nyuso, mpaka fomu zirudi zimetiwa sahihi.

Hatua ya saba: onyesho

Fanya siku ya soko au ya mkutano wa wazazi. Usiwaalike kwa siku ya peke yake, hawatakuja. Kamba na vibanio vya nguo kwenye ua wa shule vinatosha. Filamu zionyeshwe kwenye simu iliyowekwa ndani ya boksi lenye tundu la kuchungulia, foleni itajipanga yenyewe. Mtaala huohuo ndio ulioingiza Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, basi mwombe mwalimu wake asimamie maandishi ya chini ya kila kazi: jina la aliyefanya, malighafi, na swali. Waliokunja shanga waandikwe wote, hata wakiwa sitini. Orodha ikiwa ndefu kuliko kazi yenyewe, iache iwe ndefu.

Mchora mabango wa kinyozi alikuja kwenye onyesho letu la kwanza, akasoma orodha ile kwa kidole mpaka chini, akauliza kama kuna nafasi ya jina lake kwenye ubao wa lango, kwani ndiye aliyeuandika na hakuwahi kuweka sahihi. Tulimletea ngazi.

Jioni ya kubomoa, usikunje lubugo likiwa na unyevu. Lizungushe kwenye bomba la karatasi. Shanga zilizobaki ziweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Faili ziwe kwenye flashi mbili, moja kwa mwalimu mkuu. Na rudisha miwani ya watu.